Jiko la peleti lilipogoma, binti alisoma kitabu na mama akausoma moto

Mama huyu amepika kwa kuni tangu akiwa na miaka 8. Alianzia kijijini kwao Fizi, Kivu Kusini, akaendelea kambini Nyarugusu mkoani Kigoma, mahali ambapo kila familia ina hesabu yake ya kuni na kila mwanamke anajua mti upi unawaka kwa hasira na upi unatoa moshi tu. Hakuna aliyewahi kumfundisha moto. Kwa hiyo alipofika Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, na kukuta nyumba waliyopanga inapashwa joto na jiko lenye vitufe, waya wa umeme na kitabu cha maelekezo cha kurasa 40 kwa Kiingereza, alicheka.

Mumewe hakucheka. Ndiye aliyekuwa analipa.

Kwa msomaji ambaye hajaliona, hili si jiko la kupikia. Ni sanduku la chuma lenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, lina mlango wa kioo, na kazi yake ni kupasha nyumba joto tu. Kuni zake ni peleti, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa mashine hadi likawa vijiti vyenye unene wa penseli na urefu wa pingili ya kidole. Peleti humiminwa kwenye tangi lililo sehemu ya juu. Chini ya tangi kuna skrubu ndefu inayozunguka polepole, kama ile ya mashine ya kusagia nyama, na inazisogeza kidogo kidogo hadi zidondoke kwenye bakuli dogo la chuma lenye matundu. Hapo kiwashio cha umeme kinapata moto, hewa inapita, na baada ya dakika chache peleti zinashika. Feni moja inavuta moshi na kuusukuma nje kwa bomba. Feni ya pili inapuliza joto ndani ya chumba. Moshi una njia yake na joto lina njia yake, na usalama wa nyumba nzima uko katika hizo njia mbili kutokutana.

Majiko haya yalianza kuingia sokoni Marekani katika miaka ya 1980, baada ya watu kuchoshwa na bei ya mafuta iliyopanda katika muongo uliotangulia. Mhandisi wa ndege wa jimbo la Washington, Jerry Whitfield, ni mmoja wa waliowafanya watu wayajue. Maine ina misitu mingi na viwanda vinavyotengeneza peleti, na bado ni jimbo ambalo nyumba nyingi zinategemea mafuta wakati wa baridi. Nyumba ya familia hii ilikuwa na vyote viwili: jiko la peleti sebuleni na tangi la mafuta chini ya nyumba. Tangi lilikuwa tupu.

Hapo ndipo penye hesabu. Mfuko mmoja wa peleti una ratili 40, yaani kilo 18 hivi, na katika siku za baridi kali familia ilikuwa inamaliza mfuko mmoja kwa siku. Kampuni ya mafuta haikukubali kuleta chini ya galoni 100, karibu lita 380, kwa mkupuo. Fedha za mkupuo huo zilikuwepo, lakini zilikuwa na mwenyewe. Mama mzazi wa baba wa nyumba, bibi wa watoto, bado yuko Nyarugusu na alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Fedha zilikuwa za upasuaji wake. Jiko likifa, macho ya bibi yanangoja. Kila mtu mzima ndani ya nyumba alilijua hilo, na binti wa miaka 14 alilijua pia ingawa hakuna aliyemwambia.

Moto usiopumua

Katikati ya Januari, wakati nje ni nyuzi 15 au 18 chini ya sifuri usiku, mama aliona moto umebadilika. Kabla ya hapo ulikuwa mfupi, mweupe wenye njano, unacheza kwa kasi. Sasa ulikuwa mrefu, wa rangi ya chungwa iliyoiva sana, unajikokota, na nchani una masizi. Kioo kilichokuwa kinapata ukungu mwepesi wa kijivu baada ya siku mbili kilikuwa cheusi kufikia jioni. Siku ya tatu jiko likazima lenyewe saa tisa usiku, likaacha namba ya kosa kwenye kioo chake kidogo.

Mtoto mchanga wa miezi minne alikuwa analala chumba cha jirani. Alikuwa ametoka kuugua kifua mwezi uliotangulia.

Binti alifungua kitabu. Kisha akafungua simu, akatazama video tatu, na kufikia asubuhi alikuwa na jibu: kiwashio kimekufa. Kipuri kinapatikana mtandaoni. Baba, ambaye alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani na macho yanamuuma, akasema waagize.

Mama akauliza swali moja. "Kiwashio kazi yake ni nini?"

"Kuwasha, mama."

"Na jiko linawaka?"

"Linawaka. Halafu linazima."

"Basi si hicho. Huu moto unazaliwa vizuri, unakufa baadaye. Haupumui."

Alikuwa sahihi, na inafaa kueleza kwa nini, maana hapa ndipo familia nyingi hupoteza fedha. Jiko likikataa kabisa kuwaka huku peleti zikijaa kwenye bakuli zikiwa nzima, hapo ndipo mtu ashuku kiwashio, au tundu la mbele yake lililozibwa na majivu. Jiko likiwaka kisha likazima baada ya robo saa au baada ya saa nyingi, tatizo mara nyingi ni hewa. Ndani ya jiko kuna swichi inayopima mvuto wa hewa. Bomba au njia za ndani zikiziba, mvuto unapungua, na swichi hiyo inakata mlisho wa peleti ili moshi usirudi ndani. Mtu anadhani mashine imeharibika, kumbe inajilinda.

Walisubiri jiko lipoe kabisa, wakachomoa waya ukutani, wakafungua mlango. Majivu ya kwenye trei walikuwa wanayamwaga kila siku, hilo walilifanya vizuri. Lakini bakuli lenyewe hakuna aliyewahi kulikwangua. Chini yake palikuwa na gamba gumu, la kijivu, linalong'aa kidogo kama kioo kilichoyeyuka. Ni madini yaliyo ndani ya mbao, na mchanga unaoingia na magome, vikiyeyuka kwa joto kali kisha vikaganda. Gamba hilo lilikuwa limeziba zaidi ya nusu ya matundu. Mama alilibandua kwa bisibisi kuukuu, akalinyanyua na kumwonyesha binti yake. Hakusema neno. Binti naye hakusema neno, akaenda kuosha kioo kwa gazeti lililoloweshwa na kuchovywa kwenye majivu laini, jambo ambalo kitabu chake pia kilikuwa kimelitaja katika ukurasa ambao hakuufikia.

Mtu anaweza kucheka kwamba mashine yenye namba za makosa ilishindwa na jambo ambalo kila aliyewahi kupuliza jiko la mkaa analijua. Lakini haki itendeke kwa binti. Bila yeye, mama yake asingejua kwamba waya unatakiwa kuchomolewa kwanza, wala kwamba ile skrubu inaweza kuzunguka ghafla ikiwa na umeme na kuchukua kidole.

Peleti za bei nafuu

Moto ulipona siku mbili. Siku ya tatu peleti hazikushuka kabisa.

Safari hii kosa lilikuwa la mfuko. Mwishoni mwa Novemba baba alikuwa amepata mifuko 30 kwa bei ya chini kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Ilipangwa kwenye ubaraza wa nyuma chini ya turubai. Theluji iliangukia turubai, ikayeyuka mchana, ikapenya kwenye vitundu vidogo vya mifuko. Peleti inapokunywa maji inavimba na kurudi kuwa vumbi la mbao. Anayetaka kuona atumbukize chache kwenye glasi ya maji: ndani ya dakika chache hakuna peleti tena, kuna uji. Hata unyevu mdogo unatosha kuzifanya zivunjike kuwa unga, na unga huo unashindiliwa ndani ya njia ya skrubu hadi unakuwa kama kizibo.

Peleti nzuri ina ganda laini linalong'aa kidogo, na ukiivunja inatoa mlio. Ile mbaya inapondeka vidoleni. Mifuko ya daraja la juu Marekani huandikwa kwamba majivu yake hayazidi asilimia 1, na maandishi hayo yana maana, kwa sababu jiko linalokula peleti zenye majivu mengi litatengeneza gamba kila siku badala ya kila wiki. Mifuko ya bei nafuu ilikuwa haina maandishi yoyote.

Kuizibua skrubu kulichukua Jumamosi nzima. Umeme ulichomolewa. Mtoto wa kiume wa miaka 9 alichota peleti zote tangini kwa kikombe cha plastiki, kikombe baada ya kikombe. Baba akachokonoa unga ulioganda kwa mpini wa mwiko, akavuta vumbi, akachokonoa tena. Waligundua pia kuwa kuna kosa jingine linalofanana na hili lakini si lenyewe: wakati mwingine peleti zinajenga daraja ndani ya tangi, zile za chini zinaisha na za juu zinabaki zimeshikana, na jiko linazima kwa njaa huku tangi linaonekana limejaa nusu. Hilo linatibiwa kwa kuzikoroga. Na kuna lile la aibu, mfuniko wa tangi kutofungwa sawasawa, kwa sababu majiko mengi yana swichi hapo pia.

Kuanzia siku hiyo mifuko mizuri ililetwa ndani, ikapangwa juu ya mbao, mbali na jiko. Kijana wa miaka 9 akapewa kazi ya chekeche. Unga wote wa chini ya mfuko ulipita kwake kwanza. Alidai malipo, akapewa senti 25 kwa mfuko, na baba yake anasema hiyo ndiyo gharama pekee ya majira yale ya baridi ambayo hakuinung'unikia.

Ilibaki mlango. Mlango wa jiko la peleti una kamba nene ya nyuzi maalumu kuuzunguka, na kamba ikichakaa hewa inaingia isipotakiwa, badala ya kupita kwenye matundu ya bakuli. Kitabu kilisema: jiko likiwa baridi, bana noti ya dola mlangoni, funga, kisha vuta. Ikitoka kwa urahisi, kamba imechoka. Binti aliomba noti. Baba akatoa ya dola moja baada ya kupekua pochi muda mrefu. Upande wa juu ilikaza, na upande wa bawaba ikatoka kama barua kutoka kwenye bahasha. Mwenye nyumba alipelekewa ujumbe. Alijibu kwamba atamtuma fundi. Hakusema lini.

Usiku umeme ulipokatika

Kitu ambacho mama hakukipenda tangu siku ya kwanza ni kwamba moto huu unaomba umeme. Skrubu ni umeme, feni ni umeme, kiwashio ni umeme. Alikiuliza mara moja mwezi Oktoba, "Umeme ukikatika usiku, moshi unaenda wapi?" na akajibiwa kwamba Marekani umeme haukatiki. Unakatika. Maine ina miti mingi kando ya nyaya, na mvua inayoganda ikilemea matawi, matawi yanaangukia nyaya.

Wiki ya mwisho ya Januari, saa saba usiku, ulikatika. Baba alikuwa kazini. Jiko lilikuwa linawaka kwa nguvu. Feni zote mbili zilisimama kwa wakati mmoja, na zile peleti zilizokuwa kwenye bakuli zikaendelea kuungua bila hewa ya kutosha, zinafuka. Bomba la nyumba hiyo halipandi juu, linatoka moja kwa moja kwa kupenya ukuta. Bomba linalopanda linasaidia moshi kutoka wenyewe hata bila feni, kwa sababu joto hupanda. Bomba lililolala linategemea feni. Moshi ukarudi ndani, ukapitia kwenye kamba ya mlango iliyochoka, upande wa bawaba.

Mama aliamshwa na harufu. Hili lisisitizwe kwa kila mzazi anayesoma: alichonusa ni moshi. Kaboni monoksaidi, gesi inayoua, haina harufu wala rangi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, na watoto wachanga ni miongoni mwa wanaoathirika haraka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, mambo ambayo mtu katikati ya msimu wa mafua anayapita bila kuuliza. Usiku ule moshi ulitangulia, wakapata bahati ya kuunusa.

Binti alikuwa ameshafika sebuleni na ndoo ya maji.

"Usifungue!" mama akamwambia. "Ukifungua mlango huo, wote unakuja kwetu. Chukua mdogo wako, vaeni makoti, tokeni."

Alimfunga mchanga kifuani, akamfunika blanketi mbili, wakavuka barabara kwenye barafu hadi kwa jirani, mama wa Kisomali aliyepitia kambi za Kenya na anayezungumza Kiswahili cha huko. Walipokuwa mlangoni kwake, binti alipiga 911.

Zimamoto walifika na kipimo chao, wakaingia, wakafungua madirisha, wakatoka. Mkubwa wao akazungumza na binti, kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele na ndiye aliyejua Kiingereza. Alizungumza kwa muda, akionyesha mtoto mchanga. Binti akamgeukia mama yake na kutafsiri kwa sentensi moja: "Anasema tusubiri kidogo, halafu tutarudi."

Jirani alisubiri zimamoto waende kwenye gari. Kisha akasema taratibu, "Mama, huyo askari hakusema hivyo peke yake. Amesema hakusikia king'ora ndani ya nyumba yenu. Ameuliza kama mtoto ametapika au analala sana. Amesema mngechelewa kuamka, huyu mdogo ndiye angekuwa wa kwanza."

Binti alikuwa anatazama viatu vyake. Mama yake hakumgombeza. Alimuuliza tu kwa nini, na binti akasema, "Ulikuwa unatetemeka."

Familia nyingi za wahamiaji zinaishi hivi na hazilisemi. Mtoto anajifunza lugha mbele ya wazazi, anakuwa mdomo wa nyumba, shuleni, benki, kwa daktari, na taratibu anaanza kuchagua nini wazazi wake wanaweza kukibeba. Anafanya kwa upendo. Lakini tafsiri iliyopunguzwa juu ya kaboni monoksaidi ni hatari sawa na bomba lililoziba. Huko Marekani hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na mzazi ana haki ya kumuomba hata kama mtoto wake amesimama hapo anajua kila neno. Kwa dharura ya usiku mambo ni magumu zaidi. Mama huyu aliamua jambo lake siku iliyofuata: binti ataendelea kutafsiri barua za shule na vitabu vya mashine. Kwa jambo la ugonjwa au hatari, ataitwa jirani.

King'ora kilikuwepo. Kilikuwa kwenye droo ya jikoni, betri pembeni yake.

Baba aliporudi saa moja asubuhi aliwakuta bado kwa jirani. Alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama. Yeye ndiye aliyekitoa ukutani mwezi Novemba. Analala mchana, na kifaa kilikuwa kinalia mlio mmoja mfupi kila baada ya muda, kila baada ya muda, hadi akapanda kwenye kiti akakishusha. Mlio ule mmoja mmoja ulikuwa unaomba betri mpya. Mlio wa gesi ni mwingine: mara nne mfululizo, kimya kifupi, tena mara nne, na hauachi. Vifaa hivi pia huisha umri, kwa kawaida kati ya miaka 5 na 10, na tarehe imeandikwa nyuma.

"Nilitaka kulala," alisema.

"Tungelala wote," mkewe akajibu.

Hawakuendelea mbele ya watoto. Baba alienda dukani kabla ya kulala, akarudi na vifaa viwili vipya, akaweka kimoja karibu na vyumba vya kulala na kingine upande wa sebuleni, akabonyeza kitufe cha kujaribia. Mchanga aliamka akalia. Aliposhuka kwenye kiti, akabonyeza tena.

Fundi alipofika hatimaye

Ujumbe wa pili kwa mwenye nyumba haukuandikwa na binti. Baba alienda mwenyewe, na jirani akamsindikiza. Fundi alifika baada ya siku mbili.

Alikuwa mzee wa maneno machache. Alifungua kifuniko cha bomba nje ya nyumba na majivu yakamwagika juu ya theluji, ndoo nzima. Bomba lilikuwa halijasafishwa kwa majira kadhaa. Feni ya moshi ilikuwa imevaa koti la masizi. Ndani ya jiko, nyuma ya bamba ambalo familia haikujua linatoka, njia za moshi zilikuwa zimebaki nyembamba kama kidole. Alivuta yote kwa mashine ya majivu, akabadilisha kamba ya mlango, na akashauri mambo mawili: bomba liongezewe kipande kinachopanda wima, na jiko lichomekwe kwenye betri ya akiba ambayo, umeme ukikatika, itaendesha feni kwa muda wa kutosha moto kufa salama. Mwenye nyumba alikubali la kwanza. La pili walinunua wenyewe.

Kuhusu mashine za kuvuta vumbi fundi alirudia mara mbili, na jirani akatafsiri mara mbili: ile ya kawaida ya zulia isitumike kwenye majivu. Kaa dogo lisiloonekana linaweza kukaa hai ndani ya majivu kwa siku kadhaa, na ndani ya mfuko wa vumbi linapata kila linachotaka. Majivu yaende kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje, juu ya zege, mbali na mbao. Alitazama pia nepi zilizoanikwa kwenye kamba karibu na jiko. Hakusema kitu, alinyoosha mikono yake kuonyesha umbali, karibu mita moja. Mama alielewa bila mkalimani.

Mafuta yalinunuliwa, galoni 100. Baba alisema hawezi tena kuwa na mtoto mchanga kwenye nyumba yenye moto mmoja tu, na mkewe hakubishana. Maana yake, bibi alisubiri. Mkewe ndiye aliyepiga simu Nyarugusu kumweleza, kwa sababu mwana alikuwa anaona aibu. Bibi alisikiliza habari za skrubu, feni na betri, akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni moto gani huo unaozimia umeme ukikatika, na kama huko Marekani hakuna mtu anayeweza kuwapangia mafiga matatu. Alicheka sana. Fedha zake zilifika wiki ya pili ya Machi, na jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji. La kushoto limepangwa.

Zamu za jiko ziliandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye friji, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa mama. Kila asubuhi, jiko likiwa baridi, yeye anakwangua bakuli na kutazama matundu yote kama yanaonyesha mwanga. Jumamosi baba anavuta majivu ya ndani na kupangusa kioo. Kila mifuko 50 ikiisha, ambayo ni tani moja ya Marekani, bomba linafunguliwa. Binti ameandika kwa penseli, chini kabisa, ukurasa wa kitabu unaohusu kila kazi.

Mwishoni mwa Aprili jiko lilizimwa kwa ajili ya kiangazi. Peleti zilizobaki tangini zilichotwa zote, kwa sababu zikikaa humo miezi ya unyevu zinavimba na skrubu inashika kutu. Kijana wa chekeche alidai senti 25 kwa kazi hiyo pia, akasema ni mfuko, hata kama haupo ndani ya mfuko. Majivu ya miezi sita, yaliyopoa na kuchekechwa, mama ameyaweka kwenye ndoo mbili nyuma ya nyumba. Udongo wa huko una tindikali na majivu ya mbao huipunguza, na yeye ana mbegu za lengalenga alizopewa kanisani. Anangoja ardhi iyeyuke.